Nachingwea, 1965–1975: Historia ya Mbinu Zilizokwenda Kinyume

Kuanzia 1965 hadi 1975, Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha mafunzo ya kisiasa na kijeshi cha FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka mikononi mwa Wareno. Kambi hiyo ilikuwa kusini mwa Tanzania, katika nchi ya Wamwera ambayo pia ina Wamakonde, Wayao na Wamakua wengi. Ruangwa, ambayo sasa ni wilaya jirani, ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea na haikuwa wilaya kamili hadi 1995. Mamlaka ya mkoa yalikuwa Mtwara mpaka Mkoa wa Lindi ulipoundwa mwaka 1971.

Ikitazamwa kwa jicho la ofisa wa jeshi la kawaida, kambi hiyo ilifanya mambo mengi kinyume. Ilichanganya watu wasioelewana lugha katika kikosi kimoja. Ilimpa mpiganaji jembe na kalamu pamoja na bunduki. Ilipokea wasichana wakati wazee wa nyumbani waliona kuwa vita ni kazi ya wanaume. Wapiganaji waliotoka humo walifundishwa kutolinda ardhi waliyokwisha kuiteka, na adui aliposogea kaskazini kwa nguvu zake zote, wao walipeleka uzito wa vita mbali magharibi. Kila moja ya mbinu hizo ilizua ubishi ndani ya chama chenyewe, na baadhi zilimwaga damu. Ni kwa kuzifuata moja baada ya nyingine ndipo inapoeleweka jinsi jeshi lililoanza na watu wapatao 250 lilivyolichosha jeshi la makumi ya maelfu.

Eneo lililokwisha kuona nguvu ikishindwa

Nachingwea ilikuwa imeshuhudia mkakati wa aina nyingine kabla ya wapigania uhuru kufika. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kukagua uwezekano wa kulima karanga Afrika Mashariki. Mpango uliotokana na ziara hiyo ulilenga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kati ya mashamba makubwa 80 yaliyopangwa Tanganyika, 55 yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, na makao yake yakawa Nachingwea. Kongwa na Urambo ndizo zilizokuwa sehemu nyingine mbili.

Fikra ya Mradi wa Karanga ilikuwa nyepesi kuelezwa: mashine nyingi, fedha nyingi, haraka. Makatapila yaliletwa kusafisha pori, na vifaru vilivyobaki vitani vikageuzwa matrekta. Bandari ya maji ya kina ilianza kujengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Mvua, udongo unaokauka ukawa mgumu, mizizi ya miti iliyovunja majembe ya mashine na ukosefu wa vipuri viliushinda mradi huo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuachilia, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo.

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa walibaki na kilimo chao cha mihogo, mtama, ufuta na korosho, ambacho kilikuwa kimeizoea ardhi hiyo tangu zamani. Lakini mradi uliokufa uliacha vitu vyenye manufaa: barabara, uwanja wa ndege, majengo, na mashamba yaliyokwisha kusafishwa ambayo yaliendelea kuitwa kwa namba zake. Katika masalia hayo ndimo FRELIMO ilimojenga kambi yake, na ndiyo maana jina la Farm 17 linahusishwa na historia ya ukombozi.

Kutoka Kongwa hadi Nachingwea

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu vya Wasumbiji waliokuwa nje ya nchi yao. Rais wake wa kwanza alikuwa Eduardo Mondlane, msomi aliyekuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu nchini Marekani. Kundi la kwanza la wapiganaji lilifunzwa Algeria, kisha likapewa nafasi Kongwa, mahali pengine palipoachwa na Mradi wa Karanga. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vilianza kwa shambulio la kituo cha utawala cha Chai, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Kongwa ilikuwa mbali mno na uwanja wa mapambano. Nachingwea ilikuwa kiasi cha kilomita mia moja tu kutoka Mto Ruvuma, na watu wa ng'ambo zote mbili za mto huo walikuwa ndugu. Wamakonde, Wayao na Wamakua wako Tanzania na wako Msumbiji, na wakimbizi waliovuka baada ya mauaji yaliyofanywa na Wareno huko Mueda Juni 1960 walikuwa tayari wamepokelewa vijijini. Mwaka 1965 kituo kikuu kikahamia Nachingwea, na Samora Machel, kijana kutoka mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, aliyekuwa muuguzi kabla ya kujiunga na chama, akawa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Filipe Magaia, mkuu wa idara ya ulinzi, alipouawa Oktoba 1966, Samora alichukua nafasi yake. Silaha na misaada zilipitia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao Dar es Salaam, na wakufunzi wa Kichina walisaidia kufundisha vita vya msituni.

Kikosi cha watu wasiojuana

Njia rahisi ya kuunda kikosi mwaka 1965 ilikuwa kuwaacha watu wa kwao wapigane kwao. Wamakonde walilijua pori la Cabo Delgado, walikuwa wengi kati ya wapiganaji wa mwanzo, na walikuwa na uchungu wa Mueda. Mtu aliyetoka Gaza au Inhambane, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja kusini, asingejua njia, chakula wala lugha ya eneo hilo. Hesabu ya kawaida ingesema kikosi cha wenyeji watupu kingekuwa na nguvu zaidi.

Nachingwea ilichagua kinyume. Wapiganaji waligawanywa ili watu wa mikoa tofauti wale sufuria moja, walale banda moja na walinde zamu pamoja. Hata lugha haikuchaguliwa kwa wepesi. Kiswahili kilikuwa kinajulikana na wapiganaji wengi wa kaskazini, na kambi ilikuwa katikati ya wasemaji wake, lakini kingewaweka kando watu wa kusini mwa Msumbiji. Kireno, lugha ya mtawala aliyekuwa akipigwa vita, ndicho kilichofundishwa kuwa lugha ya wote kwa kuwa hakikuwa mali ya kabila lolote. Hivyo mpiganaji alijifunza lugha ya adui ili aweze kuzungumza na mwenzake.

Sababu ilikuwa ya kivita kadiri ilivyokuwa ya kisiasa. Wareno walitegemea mafarakano. Walijitahidi kuwavuta Wamakua dhidi ya Wamakonde na kuwaambia kuwa FRELIMO ni vita vya Wamakonde peke yao. Kikosi cha kabila moja kingethibitisha maneno hayo kila kilipoingia kijiji cha watu wengine. Kikosi mchanganyiko kilikuwa dhaifu katika miezi ya mwanzo, kwani amri zilitafsiriwa na kutoelewana kulikuwa kwingi, lakini kiliweza kupelekwa mkoa wowote bila kuonekana jeshi la wageni.

Gharama ya uamuzi huo ilijitokeza 1968. Lazaro Nkavandame, mwenyekiti wa chama Cabo Delgado na mtu mwenye nguvu miongoni mwa Wamakonde, alitaka mkoa wake ukombolewe kwanza na ujiendeshe wenyewe. Hakuhudhuria Kongamano la Pili, lililofanyika Julai 1968 ndani ya Msumbiji, katika mkoa wa Niassa. Desemba mwaka huo kamanda Paulo Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka kwenda Cabo Delgado, na mapema 1969 Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno. Wareno walitarajia Wamakonde wangemfuata. Wengi hawakumfuata, na vita viliendelea. Kwa wakati huo miaka mitatu ya kuchanganya watu ilikuwa imekwisha kutoa wapiganaji waliojiona Wasumbiji kabla ya kujiona wa mkoa.

Jembe, kalamu na bunduki

Jeshi lenye watu wachache na adui mwenye haraka kwa kawaida hufupisha mafunzo. Nachingwea iliyarefusha. Siku ya mwanafunzi iligawanywa kati ya mazoezi ya silaha, masomo ya kusoma na kuandika, siasa, na kazi ya shamba. Kambi ililima chakula chake, na makamanda walitakiwa kushika jembe pamoja na wengine. Mtu aliyekuja na matarajio ya kupewa bunduki siku ya pili alijikuta akipalilia mahindi na kujifunza herufi.

Utaratibu huo ulikuwa na hesabu yake. Ndani ya Msumbiji wapiganaji wangeishi kwa chakula cha wanakijiji. Mpiganaji asiyejua kulima angekuwa mzigo, na mzigo mbele ya mwanakijiji mwenye njaa hugeuka adui. Anayejua kusoma angeweza kupeleka ujumbe wa maandishi, kuhesabu akiba ya risasi, kuendesha shule ya pori na kusimamia duka la kubadilishana mazao katika maeneo yaliyokombolewa. Kila mmoja aliyemaliza Nachingwea alikuwa askari na mtumishi wa serikali ambayo haijazaliwa.

Chaguo lililokasirisha zaidi lilikuwa la kuwapeleka wasomi kambini. Kamati Kuu ya FRELIMO iliamua kuwa kila mwanachama, hata mwenye shahada, angepaswa kupata mafunzo ya kijeshi. Wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, shule ya FRELIMO iliyokuwa Dar es Salaam, walipinga. Kwa maoni yao, nchi yenye wasomi wachache mno haipaswi kuwahatarisha porini, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Machi 1968 fujo zilisababisha shule hiyo kufungwa. Uongozi ulishikilia kuwa msomi aliyekwepa vita angerudi kuwatawala waliopigana, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kumpoteza daktari mmoja.

Kikosi cha Wanawake

Mwaka 1967 wasichana wa kwanza walifika Nachingwea kwa mafunzo ya kijeshi, na Kikosi cha Wanawake kikaundwa. Pingamizi lilitoka kwa wazazi, kwa wazee na kwa baadhi ya wapiganaji wa kiume. Ilidaiwa kuwa wangevunja nidhamu ya kambi, wangechoka haraka, na wangefanya familia zikatae kuunga mkono vita.

Yaliyotokea vijijini yalikuwa tofauti. Msichana mwenye bunduki aliyeingia kijijini aliwafikia wanawake wenzake, ambao wapiganaji wa kiume walishindwa kuzungumza nao kwa uhuru. Wanawake ndio waliolima, waliobeba na waliojua nani amepita njia gani. Kupitia kwao kikosi kilipata chakula, wapagazi wa silaha kutoka Ruvuma kwenda ndani, na habari za mienendo ya adui. Kikosi hicho pia kililinda maeneo yaliyokombolewa na kutunza yatima wa vita. Uwepo wake uliwatia haya vijana wa kiume waliosita kujiunga. Miongoni mwa wanawake hao wa mwanzo alikuwa Josina Muthemba, aliyeolewa na Samora 1969 na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Tarehe hiyo huadhimishwa Msumbiji kuwa Siku ya Wanawake.

Kuacha ngome, kufungua mlango mwingine

Fundisho gumu kuliko yote lilikuwa la kuiacha ardhi. Mpiganaji aliyelala pori miezi sita ili kuifanya sehemu kuwa huru alitakiwa kuondoka humo bila kupigana pindi jeshi kubwa lilipotokea. Wachezaji wa bao wanaelewa hesabu ya namna hiyo. Kwa kuwa kula ni lazima pale panapowezekana, fundi wa bao huziacha kete zake chache ziliwe, hata huibomoa nyumba yake mwenyewe, yaani shimo lenye akiba yake ya kete, akijua kuwa mpinzani atalazimika kuzisambaza kete hizo mahali ambapo zitarudi kwake mara dufu. Anayeng'ang'ania kila kete hufungwa mapema.

Mafunzo hayo yalipimwa 1970. Mondlane alikuwa ameuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa katika kitabu, chama kilikuwa kimepasuka juu ya urithi wake, na Mei 1970 Samora ndiye aliyekuwa ameshika uongozi. Jenerali Kaúlza de Arriaga, kamanda mpya wa Wareno, aliona ni wakati wa pigo moja la mwisho. Julai 1970 alianzisha operesheni iliyoitwa Nó Górdio katika Uwanda wa Mueda, akitumia askari wapatao 35,000, ndege, helikopta, mizinga na makatapila ya kufungua njia porini. Ilikuwa operesheni kubwa kuliko zote za Wareno katika vita vyao vya Afrika.

Wareno waliziteka ngome kuu za FRELIMO katika uwanda huo, lakini wapiganaji wengi walikuwa wamekwisha kutoka kwa makundi madogo madogo. Baadhi walirudi upande wa Tanzania, wengine walipenya kusini, wakiacha mabomu ya ardhini katika barabara zilizofunguliwa. Mbinu ya mashine nyingi na haraka, iliyokwama katika visiki vya Nachingwea 1951, ilikwama tena katika pori la ng'ambo ya pili.

Wakati huohuo uzito wa vita ulikuwa unahamia Tete, mkoa wa magharibi uliokuwa mbali kabisa na Ruvuma. FRELIMO ilikuwa imefungua upya mapambano huko Machi 1968, ikipitisha watu na silaha kwa safari ndefu kutoka Tanzania kupitia Zambia. Katika ramani uamuzi huo ulionekana wa ajabu: kuacha mpaka wa karibu wenye ndugu wengi na kwenda kupigana mahali pa mbali ambapo chama hakikuwa na mizizi. Lakini Tete ndiko Wareno walikokuwa wanajenga bwawa kubwa la Cahora Bassa, na ndiko zilikopita barabara kutoka Rhodesia. Kila msafara wa vifaa vya bwawa ulihitaji ulinzi, na kila askari aliyelinda msafara alikuwa amepungua mahali pengine. Arriaga alipokuwa amekusanya nguvu zake kaskazini, wapiganaji wa Tete walivuka kusini mwa Mto Zambezi. Kufikia Julai 1972 vita vilikuwa vimeingia Manica na Sofala, katikati ya nchi, karibu na reli ya Beira na mashamba ya walowezi.

Wareno walijibu kwa hasira. Desemba 1972 wanajeshi wao waliwaua mamia ya wanakijiji wa Wiriyamu, Tete, na habari hizo zilipochapishwa London Julai 1973 zilizidi kuitenga Ureno duniani. FRELIMO kwa upande wake ilikuwa imewafundisha watu wake kuwa adui ni mfumo wa ukoloni, si kila Mreno, na kwamba mateka asiuawe. Kwa jeshi lililokuwa likizika wanakijiji wake agizo hilo lilikuwa chungu, lakini lilimpa askari wa Kireno aliyechoka sababu ya kujisalimisha badala ya kupigana hadi kufa.

Watu wa mpakani

Mbinu hizo zisingewezekana bila watu wa kusini mwa Tanzania. Uamuzi wa serikali ya Mwalimu Nyerere kuwapa wapigania uhuru ardhi ulimaanisha kuwa mikoa ya mpakani ingeishi na hofu ya kulipiziwa kisasi. Vijiji vya kando ya Ruvuma vilikumbwa na mabomu ya ardhini na mashambulizi ya ndege za Wareno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hali ya usalama ilichangia kuharakisha uundaji wa vijiji vya ujamaa Mtwara kabla mikoa mingine haijafika huko, na wanakijiji walifunzwa mgambo. Nachingwea na Ruangwa zilikuwa nyuma ya mstari huo wa mbele, zikiwa njia ya malori, chakula na wakimbizi.

Mwisho wa kambi na mpaka wa mbinu zake

Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno, wengi wao wakiwa wamechoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali yao huko Lisbon. Mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974 ulikabidhi madaraka kwa FRELIMO, na serikali ya mpito ikaapishwa mwezi huohuo chini ya Joaquim Chissano. Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma na kuanza safari ya kupita nchi nzima hadi mji mkuu, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975, miaka kumi na mitatu kamili tangu chama kiundwe.

Miezi ya mwisho ya kambi ina sura yake ya giza. Wapinzani wa chama, akiwemo Uria Simango aliyekuwa makamu wa rais, Nkavandame na Joana Simeão, walioneshwa hadharani Nachingwea mwaka 1975 wakikiri makosa yao. Baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Nidhamu iliyofanya kikosi cha watu wa lugha kumi kitii amri moja ilikuwa pia nidhamu isiyokuwa na nafasi ya mpinzani.

Viongozi walioongoza Msumbiji huru walitaka nchi nzima ifanane na kambi hiyo: kazi ya pamoja, ukabila kupigwa marufuku, maisha ya kijeshi katika vijiji vya pamoja, na kambi za kuwafunza upya waliopotoka. Hapo mbinu zilipoteza uzuri wake. Nachingwea iliwachanganya vijana waliokuja kwa hiari, kwa lengo moja na kwa muda maalumu. Vijiji vilikuwa na wazee, koo, mashamba ya urithi na watu ambao hawakuomba kuhamishwa. Manung'uniko ya watu hao yalikuwa moja ya vyanzo vilivyotumiwa na RENAMO, jeshi la waasi lililoundwa kwa msaada wa Rhodesia na baadaye Afrika Kusini, na vita vya ndani havikukoma hadi makubaliano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992.

Kwa hiyo mbinu za Nachingwea zilishinda katika mazingira yaliyozizaa. Kikosi mchanganyiko kilifaa kwa sababu adui alitegemea ukabila. Kuacha ngome kulifaa kwa sababu adui alihitaji ushindi wa haraka na wa kuonekana. Kwenda Tete kulifaa kwa sababu adui alikuwa amejifunga Cahora Bassa. Katika kila hali uamuzi ulioonekana wa ajabu ulitokana na kumsoma mpinzani kwa makini, na uliponakiliwa mahali ambapo mpinzani huyo hakuwapo, haukuleta matokeo yaleyale.